Bomba la Moshi Juu ya Paa la Makuti

Itifaki imezingatiwa. Walimu wenzangu, wale niliokwisha kuwachosha kwa maneno haya ya kufundisha kuchora kule Pangani na Muheza wanisamehe, leo watayasikia tena. Nimepewa dakika arobaini, na mwenyekiti ananijua, ndiyo maana ameshaivua saa yake na kuiweka mezani.

Nianze na nyumba. Mnaijua. Mraba, juu yake pembetatu, mlango katikati, madirisha mawili yenye msalaba, kijia kinachopindapinda hadi mlangoni. Nyuma milima miwili, na jua linachungulia katikati kama mwanafunzi aliyechelewa namba. Na juu ya paa, bomba linatoa moshi.

Nilikuwa mwalimu mpya, darasa la nne, shule iko hatua chache tu kutoka baharini. Nikawaambia wachore nyumbani kwao. Watoto sitini na wawili. Nikakusanya madaftari, nikakaa nayo chini ya mwembe, nikahesabu nyumba sitini na mbili zenye bomba la moshi. Kijiji kizima kinapika uani kwa mafiga matatu, moshi unatoka unakotaka wenyewe, lakini daftarini kila mama ana bomba juu ya paa utadhani nje kuna theluji. Hakuna mashua hata moja, hakuna mnazi. Watoto wa wavuvi hao!

Nikamwita mmoja. "Hili bomba, kwenu lipo?" Halipo, mwalimu. "Sasa mbona umelichora?" Akanitazama kwa huruma, kama mkubwa anayemwelewesha mdogo: "Mwalimu, nyumba ndivyo inavyochorwa."

Nikaapa nitamjua aliyewaharibu watoto hawa. Nikaenda kuuliza darasa la tatu, nikaenda la pili, nimekasirika kweli. Kisha nikarudi darasani kwangu, nikainua macho. Juu ya ubao, kwa chaki za rangi, ilikuwapo nyumba niliyoichora kwenye somo la Kiswahili, la msamiati. Ina bomba. Moshi wake umejikunja vizuri sana, nilijitahidi.

Mnacheka. Nendeni mkaangalie kuta zenu.

Wiki iliyofuata sikuchora kitu. Niliwaambia wafumbe macho, nikauliza: kwenu nani huamka wa kwanza, na wewe bado umelala unamwona akifanya nini? Wakafumbua, wakachora. Mmoja alichora miguu mitupu ya bibi yake, mikubwa, imejaza ukurasa, kwa sababu yeye hulala mkekani na miguu ndiyo aionayo kwanza. Mwingine alichora mlango tu, kwa ndani, na mstari wa mwanga chini yake. Mwingine kuku mkubwa kuliko nyumba. Nikamwambia kuku huyu amezidi. Akasema, "Huyu ndiye anayeniamsha, mwalimu." Nikanyamaza.

Sikubuni mimi njia hiyo. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937, alikuwa akiwasimulia wanafunzi tukio kwa maneno, wao wanaliona kichwani, ndipo wanachora. Mmoja wa wanafunzi wake ni Sam Ntiro wa Machame, baadaye balozi wetu London. Alichora migomba, kahawa, watu wakifanya kazi pamoja, yaani kwao. Mwaka 1960 jumba la sanaa ya kisasa la New York lilinunua picha yake ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Pombe ya ndizi, ndugu zangu! Na Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alipofungua jumba la sanaa la Paa ya Paa kule Nairobi mwaka 1965, aliweka neno lake: usinakili, kunakili humlaza Mungu usingizi. Mimi ningelibandika neno hilo kwenye kila ofisi ya walimu, karibu na ratiba.

Najua mnachotaka kusema. Vifaa hatuna. Edward Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza mwishoni mwa miaka ya sitini pale Oysterbay, Dar es Salaam, kwa mbao za dari na rangi ya kupakia baiskeli. Rangi ya baiskeli! Leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake, na wewe unasubiri boksi la kalamu za rangi kutoka halmashauri. Mkaa upo, udongo mwekundu upo, mchanga nje hauna bei. Darasa lina watoto mia? Mchanga ndio unaowatosha mia.

Na kwa kuwa tumefika mchangani, mwenyekiti, usiniangalie hivyo, nitawapa kitu cha walimu wa hisabati, maana hao ndio wanaochukua kipindi cha Sanaa na Michezo "kufidia". Wachokwe, walioko Angola, Kongo na Zambia, wana michoro yao ya mchangani iitwayo sona. Mzee anasawazisha mchanga, anabonyeza vidoto kwa ncha za vidole, safu kwa safu, kisha anapitisha mstari katikati ya vidoto, unakwenda mshazari, ukifika ukingoni unageuka kama mpira uliogonga ukuta, hadi unarudi ulikoanzia. Anasimulia hadithi huku anachora, na kidole hakiinuki. Vijana walifunzwa michoro myepesi jandoni.

Sasa ule mtindo unaofanana na msuko wa mkeka, Paulus Gerdes, mtaalamu wa hisabati aliyefundisha Msumbiji, alionyesha jambo lake. Weka safu tatu za vidoto vinne: mstari mmoja unavizunguka vyote. Weka safu nne za vidoto sita: mstari mmoja unafunga kabla ya kumaliza, unalazimika kuanza wa pili. Safu tatu za sita: mistari mitatu. Mmeshaona? Ni KKS. Kigawo kikubwa cha shirika, yaani namba kubwa kuliko zote inayogawa idadi ya safu na idadi ya vidoto vya kila safu bila baki, ambacho mtoto wa darasa la tano anakililia, kipo pale chini mchangani: ndicho idadi ya mistari. Mpeleke nje akakose mwenyewe mara mbili, ya tatu atakuuliza yeye kwa nini. Kipindi ulichofidia kimerudi.

Sayansi ni hivyohivyo. Mpe panzi mkononi, achore. Lazima aangalie miguu sita imeota wapi, na imeota kifuani. Akinakili panzi wako wa ubaoni, na wewe umeiweka tumboni, kosa lako analo hadi sekondari.

Kuna mzazi huku kwetu pwani atakuja kusema kuchora viumbe dini yake haimruhusu. Usibishane naye, wala usimwite mshamba. Mwulize kofia yake nani kaidarizi. Milango ya Unguja na Lamu, ukili wa rangi mbili, nakshi za msikitini, hina ya bibi harusi: hapo kazi ipo ya muhula mzima, bila kuchora kiumbe hata kimoja. Mwalike mama yake mtoto aje asuke ukili darasani, mtoto ahesabu chane. Uone atakavyotembea siku hiyo, kwamba mama yangu leo ni mwalimu.

Nilitakiwa niseme pia juu ya afya ya akili, na nimebakiwa na dakika tatu, kosa ni langu. Niseme moja. Kuchora kunampa nafasi mtoto asiye na maneno ya kusema, aliyefiwa, aliyehamishwa, aliyepigwa. Lakini wewe si daktari. Kuna mwalimu alinijia mbio na picha ya jua jeusi, anataka mtoto apelekwe ushauri nasaha. Tukamwuliza mtoto. Ilibaki rangi nyeusi peke yake kwenye boksi. Kwa hiyo mwambie "hebu nisimulie", ukae kimya. Akikusimulia kinachotisha, usikifanyie mahubiri, peleka panapostahili. Na usimpe picha alama tano juu ya kumi, nakuomba.

Kuhusu maonyesho ya shule sitasema, muda umekwisha.

Geuzeni karatasi za ratiba mlizopewa mlangoni, nyuma ni nyeupe. Chora mlango wa nyumba uliyokulia, ukiutazama kwa ndani, umelala. Dakika mbili. Mama yangu pale nyuma, usichungulie ya jirani.