Mshipa wa Shingoni na Leseni ya Rubani
(Mhadhara uliotolewa Kisumu)

Asanteni. Mzee wetu ameshalala chali, kwa hiyo nitasema huku nikimpima mishipa ya shingo kwa ultrasaundi, mashine inayopiga picha kwa mawimbi ya sauti. Alirusha ndege ndogo miaka mingi kabla ya kustaafu, na ameniruhusu nitangaze nitakachokiona. Anachoogopa, anasema, ni mkewe kusikia.

Kwa nini rubani? Tarehe 18 Juni 1972, ndege ya Trident ya British European Airways ilianguka Staines, karibu na London, muda mfupi tu baada ya kuruka. Wote 118 walikufa. Nahodha alikuwa na miaka 51, na kipimo cha umeme wa moyo, ECG, alikuwa amekipita. Mwili ulipopasuliwa, ateri za moyo, yaani mishipa inayoulisha moyo damu, zilikutwa na ugonjwa mkubwa, na ukuta wa moja umechanika. Wachunguzi waliutaja moyo ule miongoni mwa sababu, pamoja na mengine.

ECG ya mtu aliyelala inasoma nyaya za umeme. Mabomba, yaani ateri zenyewe, haiyaoni.

Siku hizi ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, inamruhusu rubani wa safari za kimataifa za kibiashara, akiwa na rubani mwenzake kwenye usukani, arushe hadi miaka 65. Akifika 60, anapimwa afya kila miezi 6. Ultrasaundi ya mishipa haimo katika vipimo vya lazima.

Mzee, geuza uso upande wa pili. Jeli ni baridi, vumilia. Tazameni ukutani: bomba jeusi lile ni ateri ya shingo, na kingo zake nyeupe ndizo kuta. Nafuata juu... hapa inagawanyika mara mbili. Mnaijua Nyando, mto wetu: ikishuka ikafika tambarare ya Kano, maji hupoteza kasi na tope hutua. Damu nayo huzunguka ovyo kwenye panda hii, na mafuta hupenda kukaa papa hapa. Mnaona uvimbe mdogo uliojitokeza ukutani? Napima unene: milimita 1.7. Kuanzia 1.5 tunaita donge. Sasa nawasha Doppler, kipimo cha kasi ya damu; ndiyo hiyo sauti ya fwuu, fwuu. Bomba likibanwa, damu hukimbia zaidi. Kasi ikipita sentimita 125 kwa sekunde kwenye tawi la ndani, tunashuku limezibika nusu au zaidi. Ya mzee ni 80. Damu inapita vizuri.

Msinielewe vibaya, simwambii kila mtu apange foleni. Jopo la wataalamu wa kinga ya magonjwa la Marekani lilirudia mwaka 2021 kwamba watu wazima wasio na dalili wasipimwe shingo kwa jumla, kwa sababu picha huzaa picha nyingine, kisha upasuaji usiohitajika. Kwa mwanamume wa miaka 65 hadi 75 aliyewahi kuvuta sigara, jopo hilo linashauri apimwe aota ya tumboni, ateri kubwa kuliko zote, mara moja tu maishani. Rubani mwenye presha, sukari, sigara, au baba aliyekufa ghafla, huyo mimi ningempima shingo pia. Donge dogo ni ishara kwamba hata ateri za moyo huenda zimeguswa. Hapo ni statini, dawa ya kushusha mafuta ya damu, presha ishuke, na pengine kukimbia kwenye mashine huku ECG ikisoma. Wengi hukwepa kwa kuogopa kupoteza leseni, nami nawaelewa.

Naam, mzee? Anauliza: angekuwa bado anarusha, ningemripoti? Ningekupa karatasi mkononi, uipeleke mwenyewe kwa daktari wako wa anga. Subiri, usiinuke ghafla. Kitambaa hiki hapa, futa jeli.