Kisanduku cha David Darts na uhuru wa mita thelathini

Mhadhara uliotolewa Mbeya mbele ya wakutubi, walimu wa kompyuta na wanafunzi wa sanaa

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, wakutubi na vijana, habari za asubuhi.

Kila aliyepita soko la Mwanjelwa hapa Mbeya ameiona kazi hii: kijana kaketi na laptopu yake, mteja anampa memori kadi, anaingiziwa nyimbo na mahubiri, analipa, anaondoka. Bando halijaguswa. Hakuna mtambo wa mbali ulioandika kwamba simu fulani imepokea wimbo fulani saa fulani. Mwaka 2011 David Darts, msanii na mhadhiri wa sanaa katika Chuo Kikuu cha New York, alitengeneza kifaa kinachofanya kazi ya jamii hiyo, ila bila kijana wala laptopu. Alikiita PirateBox.

Kwa nje kilikuwa kisanduku cheusi cha kubebea chakula cha mchana. Ndani mlikuwa na seva ndogo, rauta ya kurusha waifai, flashi na betri. Ukikikaribia na simu unaona mtandao usio na nywila, jina lake “PirateBox - Share Freely”. Ukijiunga na kufungua kivinjari, anwani yoyote utakayoandika inakuleta kwenye ukurasa mmoja. Hapo unapakua mafaili, unapakia ya kwako, unaandikiana na walio karibu. Hujiandikishi, hutoi jina wala namba ya simu, na kisanduku chenyewe hakina intaneti. Jina limetokana na redio za maharamia, za aina ya Radio Caroline iliyoanza kutangaza mwaka 1964 ikiwa melini nje ya pwani ya Uingereza, wakati nchi kavu masafa yalikuwa ya BBC peke yake.

Je, hii ni sanaa au ni ufundi? Katika sanaa dhana, iliyoshika kasi miaka ya 1960, wazo ndilo kazi, na kitu kinachoshikika ni chombo cha kulibebea. Darts aliandika maelekezo ya kujenga kisanduku akayaachia kwa leseni huria: yeyote anakili, abadilishe, agawe. Kwa hiyo kisanduku atakachojenga mwanafunzi wa Tukuyu kina hadhi ileile na cha New York, maana hapa hakuna asili na nakala. Mwaka mmoja kabla yake, 2010, Aram Bartholl wa Ujerumani alikuwa amezika flashi ndani ya kuta za jiji la New York kwa saruji, ncha tu zikiwa nje, watu wachomeke laptopu zao ukutani. Wazo zuri, lakini linahudumia mtu mmoja kwa wakati mmoja, mwenye laptopu, aliye tayari kuchomeka kitu asichokijua. Darts aliuondoa ukuta, akaongeza mazungumzo.

Sasa nieleze kilivyokufa, kwa sababu humo ndimo yamo matatizo yote mtakayokutana nayo.

Kifaa kilichopendwa na wajenzi wengi kilikuwa rauta ndogo ya TP-Link, MR3020. Ilikuwa na hifadhi ya ndani ya megabaiti 4 na RAM ya megabaiti 32, ikitumia volti 5. Megabaiti 4 hazitoshi, ndiyo maana programu nyingi zilikaa kwenye flashi: unapakia OpenWrt, mfumo huria wa kuendeshea rauta, kupitia ukurasa wa rauta yenyewe, unachomeka flashi iliyoandaliwa, unasubiri robo saa hivi bila kugusa kitu. Aliyekosa subira akachomoa mapema alibaki na usakinishaji nusu. Umeme ukikatika wakati OpenWrt inaandikwa, rauta haiwaki tena. Halafu likaja toleo la tatu la MR3020: jina lilelile, lakini chipu ya kampuni nyingine. Aliyenunua kwa kusoma boksi, bila kusoma namba ya toleo kwenye stika iliyo chini ya rauta, alirudi nyumbani na kifaa ambacho programu haikikubali.

Kisha yakaja makufuli. Tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilibana rauta zisizidishe nguvu ya mawimbi, na kwa mtengenezaji njia rahisi ya kutii ni kuzuia programu yoyote isiyo yake. Agosti 2016 TP-Link ilikubali kulipa dola 200,000 kwa FCC na, ndani ya makubaliano hayohayo, kushirikiana na waandishi wa programu huria. Hata hivyo rauta zilizofungwa ziliendelea kuongezeka. Vivinjari navyo vikaanza kudai https kila mahali, yaani mawasiliano yaliyofichwa, na tovuti ithibitishe jina lake kwa cheti. Novemba 2019 Matthias Strubel, aliyekuwa akiiendeleza programu ya PirateBox, alitangaza kuufunga mradi, akitaja sababu hizo mbili.

Tukae kidogo kwenye ile ya pili. Https inatulinda na mtu anayekaa katikati yetu na benki, akajibu kwa jina la benki. Kisanduku cha Darts hufanya kitendo hichohicho: simu inauliza jina lolote, nacho kinajibu, “ni mimi”. Kivinjari hakina namna ya kutofautisha mwizi na maktaba. Ulinzi ambao sote tunauhitaji ndio uliofunga mlango wa kisanduku, na hakuna mtu mbaya wa kumlaumu. Mtu akisema teknolojia huleta uhuru au hunyang'anya uhuru, mwulizeni ni mlango upi, na ufunguo anao nani.

Kukijenga leo, chukueni Raspberry Pi Zero 2 W, kompyuta ndogo ya bodi moja. Ina RAM ya megabaiti 512 na waifai ya gigahezi 2.4 tu, inatosha. Ongezeni memori kadi ya gigabaiti 32, chaja ya volti 5 inayotoa ampea 2.5, na kisanduku cha plastiki. Cha bati kinaziba mawimbi, watu wakalaumu programu bure. Wekeni Raspberry Pi OS ile ndogo isiyo na madirisha, kisha programu tatu: hostapd ya kurusha mtandao, dnsmasq ya kugawa anwani na kujibu majina, nginx ya kutoa kurasa. Kifaa kipewe anwani 192.168.4.1, wageni wapewe kuanzia 192.168.4.10 hadi 192.168.4.100. Mstari mmoja wa dnsmasq, address=/#/192.168.4.1, ndio unaofanya majina yote yarudi kwenye kisanduku.

Mtandao usipoonekana kabisa, angalieni mambo mawili. La kwanza ni msimbo wa nchi: usipoandikwa TZ, waifai inabaki imezuiwa tangu kuwaka. La pili, matoleo mapya ya mfumo yana NetworkManager, programu ya kusimamia mitandao, nayo hugombea waifai ileile na hostapd. Iambieni iiache wlan0, ndilo jina la waifai ndani ya mfumo. Chaneli iwe 1, 6 au 11, mkichagua ile yenye majirani wachache. Mahali pa wazi tegemeeni kama mita 30. Ukuta wa tofali za kuchoma unakula sehemu kubwa ya umbali huo. Na wageni wakizidi kumi hivi kwa pamoja, chipu ile ndogo huanza kukwama.

Simu ndiyo sehemu ngumu. Simu ya Android ikijiunga na waifai huuliza kimyakimya ukurasa wa Google uitwao generate_204, ikitegemea jibu tupu lenye namba 204. iPhone hutafuta ukurasa wa Apple wenye neno “Success”. Jibu lisipopatikana, simu husema hakuna intaneti, na mara nyingi hurudi kwenye data bila kumwambia mwenyewe. Mtu anaandika jina la kisanduku, swali linakwenda kwenye mnara wa simu, anaambiwa ukurasa haupo.

Kuna njia mbili za kulijibu swali hilo la simu. Unaweza kuidanganya kwa kurudisha 204. Simu itatulia, lakini WhatsApp na programu nyingine zitaendelea kutuma kwenye waifai isiyokwenda popote, na mwenye simu atakosa ujumbe wa nyumbani bila kujua kwa nini. Nashauri msifanye hivyo. Elekezeni swali kwenye ukurasa wenu, simu ifungue kile kidirisha chake cha kuingilia. Kidirisha hicho ni dhaifu, upakuaji mara nyingi hauendi, hivyo msiweke maktaba humo. Wekeni sentensi mbili kwa herufi kubwa: zima data, kisha fungua kivinjari uandike http://kisanduku.lan. Hiyo http:// iandikwe yote. Tangu 2021 Chrome hujaribu https kwanza mtu akiandika jina tupu, na cheti halali cha jina linaloishia .lan hakuna mahali kinapotolewa. Mwenye simu aliyechagua seva maalumu ya DNS binafsi, yaani seva ya kutafsiri majina kuwa anwani za namba, hatafika kwa jina, kwa sababu simu yake inauliza seva nyingine. Huyo apewe namba: http://192.168.4.1.

Nakuja kwenye neno “bila kujulikana”, na hapa naomba umakini wenu kuliko kwingine kote. Kutokuuliza jina hakumaanishi kutokuweka kumbukumbu. Dnsmasq huandika faili la anwani ilizogawa, pamoja na namba ya kifaa na mara nyingi jina la simu, na watu wengi simu zao zina majina yao. Nginx kwa kawaida huandika kila faili lililofunguliwa, anwani na saa. Ukiyaweka mafaili hayo mawili pamoja, unajua simu ya nani ilisoma nini. Kwa hiyo: kwenye nginx zimeni access_log, dnsmasq wekeni quiet-dhcp ili isiandike inavyogawa anwani, na faili la anwani likae /tmp, folda ya mafaili ya muda, nayo /tmp iwe kwenye RAM ili umeme ukizimwa lipotee. Kuanzia Android 10 na iOS 14 simu hubadilisha namba ya kifaa kwa kila mtandao, lakini baadhi ya simu zilizoko mikononi mwa watu huku kwetu ni za zamani kuliko hapo.

Kuna na kile wageni wanachopakia. Picha iliyopigwa kwa simu inaweza kubeba mahali ilipopigwa hadi mita chache, kwa hiyo wekeni programu ya exiftool ifute taarifa hizo kabla picha haijaonekana kwa wengine. Faili lililofutwa kwenye memori kadi linaweza kufufuliwa. Na kwa kuwa mtandao hauna nywila, aliyekaa jirani na programu ya kunusa mawimbi anaona yanayopita. Nawasihi msimwambie mtu yeyote mwenye siri nzito kwamba kisanduku hiki kitamlinda. Kinamkinga na mtu aliye mbali. Aliye ndani ya mita 30 anaweza kumwona.

Umeme. Hesabuni wati moja na nusu, saa 24, ni wati-saa 36. Pawabanki ya 10,000 mAh ina wati-saa 37 kwa maandishi, kama 30 kwa matumizi, yaani saa 20 hivi. Baadhi hujizima mzigo unapokuwa mdogo, kisanduku kikafa usiku huku betri imejaa. Zipimeni siku nzima kabla ya kununua kadhaa. Betri ya volti 12, ampea-saa 7, ina wati-saa 84, na ile ya madini ya risasi msiitumie chini ya nusu, hivyo mnabaki na 42, siku moja na kidogo. Kwa jua la Usangu paneli ya wati 20 ingetosha. Kwa Rungwe wakati wa masika, mawingu yakitulia juma zima, wekeni ya wati 40.

Umeme unaokatika ghafla huharibu memori kadi kuliko kitu kingine chochote. Dawa yake ipo ndani ya raspi-config, programu ya mipangilio ya Raspberry Pi: washeni mfumo wa kusoma tu, mafaili ya wageni yawe kwenye sehemu yake yenye ukomo, tuseme gigabaiti 4, ili filamu mbili zisijaze kila kitu. Unyevu nao una dawa rahisi. Waya uingilie chini, na tundu la milimita 3 liachwe chini kabisa, kwa sababu baridi ya usiku ya Makete hugeuza hewa ya ndani kuwa maji.

Nini kiwemo? Mkutubi wa Marekani, Jason Griffey, aliichukua kazi ya Darts mwaka 2012 akaunda LibraryBox, akiondoa upakiaji na mazungumzo, kikabaki kisanduku cha kutoa vitabu. Kwa zahanati au shule ya msingi ningechagua cha Griffey bila kusita. Pasipo mtu wa kusafisha kila juma, upakiaji wa wazi huleta virusi na picha za aibu za watoto wa watu, na hapo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 itamtafuta mwenye kisanduku. Kwa wanafunzi wa sanaa ningeacha mlango wa Darts wazi, na jina la msimamizi liandikwe ubaoni. Wikipedia ya Kiswahili inaingia kupitia Kiwix, programu ya kuisomea bila intaneti. Vijitabu vya viazi mviringo vya kituo cha utafiti cha Uyole, ombeni ruhusa muviweke. Nyimbo za wasanii wetu, ombeni pia. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 haijali kama hakuna intaneti.

Mkimaliza, toeni nakala ya memori kadi nzima, muihifadhi mahali pawili. Kisha tafuteni simu ya bei ndogo kuliko zote chumbani, ile yenye kioo kilichopasuka, mjaribu kwa hiyo kwanza. Kilicho mezani hapa kinawaka tangu tuanze, na mtandao wake unaitwa Kisanduku. Zimeni data, muunganishe, na maswali yenu yaandikeni humo humo. Nitayasoma kutoka kwenye ukuta.