Kabla hujameza kile kidonge: mhadhara wa mfamasia kwa wanaume (na wake zao)

Haya jamani, habari zenu. Naona viti vya nyuma vimejaa na vya mbele vitupu, ndio kawaida ya mada hii ya vidonge vya nguvu za kiume, hakuna aliyekuja kwa ajili yake, kila mtu amemsindikiza rafiki. (Kicheko.) Basi nyie mliomsindikiza rafiki sikilizeni vizuri mkamwambie na huyo rafiki.

Mimi ni mfamasia, nimekaa nyuma ya kaunta miaka mingi na siku hizi mteja wa hii dawa namjua kabla hajafungua mdomo. Anaingia, anasoma dawa za meno, anasoma mafuta ya ngozi, anasubiri wateja wote waishe, alafu anasogea anainama na kuniuliza kama mtu anayepanga wizi, "eti ile kitu ya wanaume mnayo?" Siku moja alikuja mzee mmoja, makamo ya baba yangu kabisa, kavaa shati lenye mfuko kifuani. Nikamuuliza, mzee wangu cheti cha daktari unacho, hana. Nikamuuliza una presha, una sukari, una tatizo la moyo? "Hapana mwanangu, niko fiti." Sasa mimi swali hilo sikuhizi siliamini peke yake, nikalizungusha, nikamuuliza kwani ukiamka asubuhi unameza vidonge gani? Ndio akaanza, aah hivyo vya kawaida tu, kimoja cheupe, kimoja cha njano, na hiki hapa, akatoa kichupa kwenye ule mfuko wa shati, "hiki nikibanwa kifua naweka kimoja chini ya ulimi kinaachia."

Nikalirudisha boksi kwenye shelfu. Alikasirika sana, akasema namnyima kwa sababu ya mvi zake.

Yule mzee hakunidanganya, nataka hili mlielewe. Kifua kile ameishi nacho mpaka kimekuwa kama mwenzake, hakihesabu tena kama ugonjwa. Lakini angeondoka na lile boksi angeweza kufa, na ninaposema kufa sipambi maneno.

Ngoja niwaeleze kwanini. Mwanaume akipata hamu, mishipa ya kule chini inatoa kemikali inaitwa naitriki oksaidi, hiyo inaleta kemikali nyingine inayolegeza misuli ya mishipa, damu inajaa, jogoo anapanda mtungi. Mwili sasa una kimeng'enya kazi yake kufagia ile kemikali ya kulegeza ili mambo yarudi kama yalivyokuwa. Sildenafili, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Viagra, pamoja na tadalafili ambayo ni Cialis, na vardenafili, zote zinamshika huyo mfagiaji mikono. Basi. Haziongezi hamu, hazitengenezi mbegu, hazimfanyi mtu kuwa dume zaidi. Ndio maana ukimeza ukakaa unaangalia mpira hakuna kitakachotokea, watu wananirudia "dawa yako feki", namuuliza ulifanyaje, anasema nilimeza nikalala nikasubiri. Ulisubiri nini sasa ndugu yangu? (Kicheko.) Bila maandalizi haifanyi kazi.

Sasa dawa ya chini ya ulimi ya yule mzee, nitrogliserini, na ndugu zake wa jamii ya naitreti kama aisosobaidi, zenyewe zinaingiza ile ile naitriki oksaidi kwa wingi mwili mzima. Kwahiyo huyu anafungua bomba mpaka mwisho na yule anamshika mikono anayetakiwa kulifunga. Presha inaanguka ghafla, moyo wenyewe ambao tayari una mishipa myembamba unakosa damu. Hapa hamna dozi ndogo wala kuvumilia, hamna "mimi mbona nilitumia sikufa". Hizo mbili hazikutani, na kuna dawa nyingine ya moyo inaitwa nikorandili na ya presha ya mapafu inaitwa riosiguati, nazo ni hivyo hivyo. Na wale vijana wa vichupa vya kunusa kwenye starehe, poppers, humo ndani ni naitraiti, tofauti haipo.

Kidogo nitoke nje ya mada. Sildenafili yenyewe ilitafutwa kama dawa ya kifua kubana, maabara za Pfizer pale Sandwich nchini Uingereza, majaribio ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwenye moyo haikufanya maajabu ila wanaume waliojitolea wakaanza kusema jamani kuna jambo jingine linatokea huku. Marekani ikairuhusu Machi 1998, na mwaka huo huo wanasayansi watatu wakapewa tuzo ya Nobel kwa kazi ya naitriki oksaidi. Nobel mwenyewe baruti yake ya dainamaiti alitengeneza kwa nitrogliserini, na uzeeni madaktari wakamwandikia hiyo hiyo nitrogliserini kwa ajili ya moyo wake. Mimi hii stori huwa inanifurahisha, samahani, turudi.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ya yule mzee ni hiki. Chukua mtu ambaye hana dawa yoyote ya moyo, mzima, anameza kidonge chake Ijumaa jioni kwa siri, mkewe hajui. Usiku kifua kinambana kwa mara ya kwanza maishani, anakimbizwa hospitali. Kitu kimojawapo wanachoweza kumpa haraka pale kwa maumivu ya kifua ni nini? Naitreti. Daktari anauliza ametumia dawa gani leo, mgonjwa anaona aibu au hawezi kuongea, mke anasema hajameza kitu. Mmeona tulipofika? Kwa sildenafili wanasubiri angalau masaa 24 kabla ya kumpa naitreti, kwa tadalafili masaa 48, maana hiyo inakaa mwilini muda mrefu, inaweza kusaidia mpaka masaa 36, kwahiyo hata kidonge cha juzi bado ni habari ya kumwambia daktari. Daktari akijua ana njia nyingine za kukutibu. Asipojua ndio hatari. Mimi ningependa mke ajue, au mtu yeyote mmoja wa karibu ajue, sio lazima tangazo, neno moja tu.

Na kama kifua kinakubana ukiwa katikati ya tendo, simama, pumzika, tafuta hospitali. Usiseme nitamaliza kwanza.

Haya, sasa mtu ataniuliza, kama sina naitreti kwanini bado nisumbuke na daktari? Kwasababu jogoo kushindwa kuwika mara nyingi ni barua imetumwa na mishipa. Mishipa ya kule ni myembamba, milimita moja mpaka mbili hivi, ya moyo ni minene kuliko hiyo, kwahiyo uchafu ukianza kuziba mishipa mwilini ile myembamba ndio inalalamika kwanza, na inaweza kutangulia miaka kadhaa kabla moyo haujasema chochote. Mtu wa miaka 45 anakuja kununua kidonge kumbe sukari iko juu na hajawahi kupima. Au ni sigara. Au presha. Au dawa ya presha yenyewe, au ya msongo, zipo zinazopunguza nguvu, na hapo dawa unayotakiwa kubadilishiwa inawezekana ni hiyo, ila tafadhali usiiache mwenyewe kimya kimya. Au ni mawazo tu, kijana anasimama vizuri asubuhi lakini akiwa na mwenzake anaogopa. Kidonge kinakuficha yote hayo usiyaone. Alafu daktari anaangalia kama moyo wako unaweza kazi yenyewe, maana tendo ni mazoezi, huwa wanauliza unaweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kubanwa kifua? Na kama umepata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miezi sita hivi iliyopita, subiri mpaka akuruhusu.

Kwenye kutumia sitawachosha. Sildenafili wengi wanaanzishwa na miligramu 50, saa moja hivi kabla, mara moja tu kwa siku, juu kabisa ni 100. Ukiwa umezidi miaka 65, au ini na figo zina shida, unaanza na 25. Ukila mlo wa mafuta mengi kidonge kinachelewa kufanya kazi, na hapo ndipo watu wanapokosea, anaona nusu saa imepita kimya anaongeza cha pili, baadae vyote viwili vinaamka pamoja. Usiongeze. Na mara ya kwanza isipofanya vizuri usiitupe, jaribu siku nyingine tofauti kabla hujasema haikufai, kisha rudi kwa daktari akupangie upya. Pombe nyingi inashusha presha na inalegeza kile kile unachotaka kisimame, yaani unalipia kushindana na wewe mwenyewe.

Dawa nyingine za kutaja, na nawaomba mzitaje zote hata za macho: za tezi dume kama tamsulosini na doksazosini, zinaweza kukuangusha ukisimama ghafla, huwa zinawezekana pamoja lakini kwa mpangilio. Za kupunguza makali ya virusi zenye ritonaviri au kobisistati, hizi zinafanya sildenafili ijazane kwenye damu, wenye ritonaviri hawazidishi miligramu 25 ndani ya masaa 48. Dawa za fangasi kama ketokonazo na antibayotiki kama klarithromaisini nazo zinaipandisha. Rifampisini ya kifua kikuu kinyume chake, inaifukuza mwilini, unaona haifanyi kazi unaongeza dozi. Mnaona kwanini nauliza sana?

Kichwa kuuma, uso kuwaka, pua kuziba, tumbo kuchoma, na kwa sildenafili kuona vitu na ubluu kidogo, hayo yanapita. Tadalafili inaweza kukuuma mgongo na misuli. Lakini jicho likizima ghafla, sikio likiziba ghafla, acha dawa nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ikisimama ikagoma kushuka zaidi ya masaa manne, nenda, usikae chumbani unamwagia maji ya baridi ukingoja kuche, nyama inakosa hewa na ikiharibika haitasimama tena. Wenye selimundu muwe makini zaidi na hili.

Kuhusu unga, asali, kahawa za "nguvu za asili", ntasema moja. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliandikia makampuni barua za onyo kwa kuuza asali iliyokuwa na sildenafili na tadalafili ndani bila kuandikwa kwenye lebo. Kwahiyo mgonjwa wa moyo anayekimbia kidonge kwa kuogopa kisikutane na naitreti yake anaweza kuwa anakilamba kwa kijiko. Ikifanya kazi kama kidonge ndani ya saa moja, uliza kwanini.

Maswali. Kijana wa kofia.

"Mimi sina tatizo, nataka tu kuongeza ufanisi." Asante kwa ujasiri. Kaka, kama gari lina mafuta, kumwagia mengine juu ya tanki haliongezi mwendo. Ninachoogopa kwako ni uzoee kuamini bila kidonge huwezi, hapo unatengeneza tatizo ambalo hukuwa nalo. Na hakikingi mimba wala virusi, kondomu iko pale pale.

Mama pale. "Mume wangu hataki kusikia habari ya hospitali, naweza kumsagia kwenye kinywaji bila kumwambia?"

Hapana mama yangu, hapana kabisa, nashukuru umeuliza kabla. Yeye ndiye anajua kama kifua kinambana na akakuficha hata wewe. Akibanwa usiku ataweka kidonge chake chini ya ulimi hajui kuna kingine tumboni. Mwambie mwende wote kupima presha na sukari, hilo wanaume wengi wanalikubali, huko ndani daktari ataulizia mengine mwenyewe. Chukua na vikopo vya dawa zake zote kwenye mfuko, usitegemee kumbukumbu.

Mzee wa nyuma, ulinyoosha mkono ukaurudisha, uliza tu. "Kwahiyo sisi wa kidonge cha chini ya ulimi ndio basi tena?"

Sio basi. Kuna wengine daktari wa moyo anaweza kuwabadilishia tiba, huo uamuzi ni wake, usiache mwenyewe ili umeze kingine. Kuna sindano inayochomwa kwenye uume wenyewe, daktari anakufundisha. Na kuna pampu ya kuvuta hewa, bomba linalovishwa uume ili damu ivutwe ijae. Yule mzee wangu alirudi baada ya wiki kadhaa, akasubiri wateja waishe kama mwanzo, akainama, nikajua ameanza tena. Kumbe daktari kamwandikia pampu na anaona haya kuuliza inatumikaje. Nikamwonyesha taratibu, na nikamuuliza kwanza kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, maana hapo kuna tahadhari yake. Alafu ile pete ya kubania, inayovishwa kwenye shina ili damu isirudi, nikamwambia, mzee, isizidi dakika 30, weka saa karibu.