Saa Tatu za Valletta: Baharia wa Meli ya Kitalii Anaposhuka

Ndugu mabaharia, pamoja nanyi mnaojiandaa kupanda meli kwa mkataba wa kwanza. Abiria akisema ana siku nzima Valletta, mji mkuu wa Malta, anasema kweli. Ninyi hamna. Mhudumu wa mezani mwenye zamu ya asubuhi na ya jioni ana saa tatu za mjini, na leo tutazihesabu kwa kuanzia mwisho. Wanaohesabu kuanzia mwanzo ndio huonekana wakikimbia gatini, viatu mkononi.

Tuseme meli imefunga gati saa mbili asubuhi na inaondoka saa kumi na mbili jioni. Wewe unatakiwa mkahawani, ndani ya sare, saa kumi na moja. Toa nusu saa ya kuoga na kuvaa. Toa saa moja na nusu ya usingizi, na hapo msinibishie. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 unataka baharia apumzike saa zisizopungua 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku 7. Mapumziko ya siku yanaweza kukatwa vipande viwili tu, kimoja kikiwa na saa 6 au zaidi. Sasa, kwenye karatasi ya saa za kazi, kupanda ngazi za Valletta juani nako ni mapumziko. Karatasi haitakudai kitu. Miguu itakudai, saa mbili usiku, trei ikiwa begani.

Kwa hiyo uwe kitandani saa tisa alasiri, langoni pa meli saa tisa kasorobo, na uanze kushuka kutoka mjini saa nane na robo. Ukimaliza kifungua kinywa cha abiria saa nne na robo na kutoka melini saa tano kasorobo, unafika juu mjini saa tano na robo. Hizo ndizo saa tatu.

Kabla ya yote, soma ubao wa matangazo wa wafanyakazi. Mambo mawili huua matembezi: zoezi la dharura, ambalo kwenye meli ya abiria hufanywa kila wiki na mara nyingi meli ikiwa bandarini, na orodha ya wanaobaki melini kwa ajili ya usalama. Ukitaka kubadilishana na mwenzako, mkuu wa idara aibadilishe orodha yenyewe. Mashine ya langoni inajua jina lako. Mapatano yenu ya kantini haiyajui.

Kuhusu hati: Malta imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia visa moja. Baharia asiye na visa anaweza kuruhusiwa kushuka kwa kitambulisho cha baharia, jina lake likiwa kwenye orodha ya wafanyakazi iliyokwisha kukaguliwa. Ruhusa hiyo inahusu mji wa bandari na manispaa zinazopakana nao. Ndiyo maana feri ya kwenda kisiwa cha Gozo muwaachie abiria.

Wala hampotezi kitu. Valletta yote ina hekta 55 na majengo ya kihistoria 320, imo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1980, na inaanzia juu ya kichwa chako. Ukitoka gatini, shika njia ya chini ya kuta hadi kwenye lifti ya Barrakka, yenye urefu wa meta 58. Meli mbili zikiwa gatini, foleni yake hula nusu saa, basi ukiona imefika nje, panda kwa miguu kupitia mji jirani wa Floriana. Juu kuna bustani ya Upper Barrakka. Saa sita kamili mzinga hupigwa kwenye safu ya mizinga iliyo chini ya bustani hiyo, nanyi mtakuwa mmefika. Simama ukingoni dakika kumi kabla, la sivyo utaona migongo ya watu.

Kisha tazama barabara. Jiwe la msingi liliwekwa Machi 1566, miezi michache baada ya Waturuki wa Osmani kuizingira Malta na kushindwa mwaka 1565, na mhandisi Francesco Laparelli aliuchora mji kwa mistari iliyonyooka. Kwa mgeni mwenye haraka hiyo ni neema: huwezi kupotea. Ukivuka barabara kuu, Republic Street, na kuona bahari upande wa pili, rudi ulikotoka. Ila mawe ya chokaa ya njiani yamesuguliwa na nyayo hadi yanang'aa, na yakilowa huteleza kama sakafu ya jikoni yenye mafuta. Vaeni viatu vyenu vya kazini.

Ndani mchague kitu kimoja tu. Ningechagua Kanisa la Mtakatifu Yohana: sakafu ya makaburi ya marumaru ya rangi, na mchoro wa Caravaggio wa 1608 wa Yohana Mbatizaji akikatwa kichwa, pekee alioutia saini, ndani ya damu inayomwagika. Mabega yafunikwe. Jumapili watalii hawaingii.

Kinachowaponza wengi ni saa. Simu ikishika mtandao wa nchi kavu hujirekebisha, na saa ya meli huenda ni tofauti kwa saa nzima. Zimeni urekebishaji huo, au vaeni saa ya mkononi iliyotegwa kwa saa ya meli. Na msinunue vya kurudi navyo melini ovyo: pombe, pasi ya nguo na birika la umeme vitanaswa kwenye mashine ya ukaguzi.

Ukiachwa, usijifiche hotelini. Meli ikishaondoka, ruhusa yako ya kushuka haina tena pa kusimama. Mpigie wakala wa meli. Namba yake imo kwenye karatasi ya siku, ipige picha kabla hujatoka. Pasipoti yako huenda ameachiwa yeye, na yeye ndiye wa kukufikisha kwa maofisa wa uhamiaji, kisha bandari inayofuata.