Mafuta ya kupima, mahindi ya gunia: tunavyolea watoto watatu Kayole

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na shikamooni wakubwa zangu wote mnaonitazama kutoka Muheza, Korogwe, Tanga mjini na kokote mliko huko nyumbani. Leo sipo barabarani, nipo jikoni kwangu hapa Kayole, Nairobi. Hizo kelele mnazosikia nyuma ni watoto wa gorofa nzima wanacheza kwenye ngazi, hawana kiwanja kingine.

Video iliyopita imeniletea ujumbe mwingi, na mwingi ni wa aina moja. "Dada, shemeji analipwa 1,000 kwa siku, hiyo ni kama 20,000 ya kwetu, mbona mnasema hela haitoshi?" Sijakasirika, maana hata mimi nilipokuwa Muheza nilipiga hesabu hiyohiyo. Ni kweli shilingi moja ya Kenya inakaribia 20 za Tanzania. Lakini ukizidisha mshahara, zidisha na kodi. Chumba na sebule tunalipa 8,500, kwenu hiyo ni kama 170,000. Nauli ya asubuhi kwenda mjini ikiwa 50, mvua ikinyesha inakuwa 100, gari lilelile na kiti kilekile. Ndiyo maana mume wangu anatembea kwa miguu mpaka Industrial Area, yeye na mamia ya wanaume wengine, saa kumi na moja na nusu alfajiri wamejipanga pembeni mwa barabara kama wanakwenda maandamano.

Ila kodi na nauli sizo zinazotumaliza. Nataka tuongee kuhusu kununua kidogokidogo, kwa sababu hapo ndipo mji huu unapomla mtu wa hali ya chini, na watu hawapaongelei.

Hapa kila kitu kinapimwa. Ukitaka mafuta ya kula ya shilingi 20, unapewa. Maziwa yapo kwenye mashine, unaweka chupa yako, unalipia unachoweza. Sukari robo, majani ya chai ya 10, kipande cha sabuni ya mche, pampasi moja moja, makaa kwa mkebe. Umeme nao unanunua tokeni za 50, unaingiza namba kwenye mita, usiku huo taa zinawaka. Mtu mgeni akiona anasema huu mji una huruma, hata mwenye 20 anapika. Na kweli, kuna siku huruma hiyo imetuokoa. Lakini chukua hiyo sukari. Dukani kwetu robo ni 45, pakiti ya kilo ni 150. Anayenunua robo mara nne amelipa 180. Tajiri wa kule Kileleshwa analipa 150 kwa sukari ileile na mimi wa Kayole nalipa 180. Fanya hivyo kwenye mafuta, sabuni, pampasi, makaa, mwezi mzima. Tunaambiwa haba na haba hujaza kibaba, na mimi naamini, lakini ukinunua haba na haba kibaba kinaisha hukioni.

Sasa msiniambie, kama alivyoniambia kaka yangu mmoja, kwamba maskini hajui kupanga. Hilo linaniuma. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Siku kuna kazi analipwa jioni, siku hakuna kazi anarudi mikono mitupu. Hela inayoingia kwa siku inatoka kwa siku. Huwezi kununua pakiti ya kilo leo wakati mfukoni una 300 na hujui kesho ina nini, na hiyo 300 ni ya unga, mboga, mafuta, maji na daftari la mtoto. Sio ujinga, ni jinsi hela inavyoingia. Mwenye mshahara wa mwezi anaweza kuweka ghala ndani ya nyumba. Sisi ghala letu ni duka la chini, na mwenye duka lazima alipwe kwa kutuwekea.

Anayekwenda dukani ni binti yangu wa kati. Nimemfundisha kupima mafuta kama vile mama alivyonifundisha kuchagua nazi. Kwanza chupa iwe kavu, maji yakibaki ndani mafuta yakikutana na kikaango yanaruka. Akifika, asiondoe chupa mara mtambo unaponyamaza. Asubiri povu litulie, asubiri ule mrija umalize kudondosha matone yake. Matone yale ni yetu, tumeyalipia. Na maharage yakipimwa kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili, aingize mkono ndani aguse kitako kabla hayajamiminwa. Kuna makopo yamegongwa kitako kikaingia ndani, ukitazama juu limejaa hadi linamwagika, chini umeibiwa konzi nzima. Mtoto wa miaka tisa anajua hayo. Wengine wataniambia namzeesha. Sioni hivyo. Akisimama pale kaunta na kusema kwa adabu, "Shikamoo mama, naomba nione kopo," anajifunza kutodharauliwa.

Jambo lililotubadilishia maisha ni majirani. Kwenye gorofa yetu tupo akina mama watano tulioelewana. Mmoja ametoka Kakamega, mmoja Kisii, mmoja Machakos, mmoja ni mzaliwa wa hapahapa Nairobi, na mimi Mbondei wenu. Kila siku kila mmoja anatoa 50. Asiyeweza leo anatoa kesho 100, na tunaandika. Sio mchezo wa kupokezana hela, ile ya kwamba mwezi huu ni wako unanunua kabati. Hii hela haigawanywi, kwanza inanunua chakula. Ikitosha, wawili wetu wanakwenda Nyamakima, kule mjini kwenye maduka ya nafaka, wananunua gunia la mahindi la kilo 90. Ikizidi, na maharage. Tunapandisha gunia hadi gorofa ya tatu, vijana wa plot wanatusaidia, tunamimina kwenye turubai pale koridoni na kugawana. Kilo 18 kila nyumba. Tulinunua mizani ya kuning'iniza, kwa hiyo ile habari ya kopo lililobonyea haituhusu tena.

Kwenye kuchagua mahindi, mwalimu wetu ni mama wa Machakos. Hanunui gunia mpaka aingize mkono mpaka kwenye kiwiko, achomoe punje za katikati, sio za juu, azinuse, aziume. Punje kavu inapasuka kwa mlio. Ikiingia meno kimyakimya, bado ina maji, na mahindi yenye maji yakikaa yanaota ukungu. Anajua anachosema. Mwaka 2004 huko Ukambani, Makueni na Kitui, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Na kwetu Tanzania msisahau 2016, Dodoma na Manyara. Kwa hiyo gunia likiwa rahisi kupita kiasi, tunaliacha palepale. Sitaki kubana matumizi kwa kuwalisha wanangu sumu, na naomba na nyie msikubali.

Mahindi tunapeleka kwenye mashine ya posho, tunasaga dona. Wiki ya kwanza watoto walinuna. Wakubwa wawili walisema ugali mweusi, wanataka ule mweupe wa pakiti. Sikuwabembeleza sana. Tulikula dona na dagaa, tukala dona na sukuma, siku nyingine makande ya maharage yenye karoti na viazi. Sasa mdogo akila ugali wa pakiti kwa watu anarudi anasema haushibishi.

Kuna jambo jingine linalonipa nguvu kila nikilifikiria. Binti yangu yupo shule ya msingi ya serikali. Tangu 2023 Kaunti ya Nairobi ina mpango wa chakula cha mchana unaoitwa Dishi na County, wanashirikiana na shirika la Food4Education, ambalo dada mmoja Mkenya, Wawira Njiru, alilianzisha mwaka 2012 akilisha watoto wachache. Mzazi analipa shilingi 5 kwa sahani. Tano! Kwetu hiyo ni kama 100. Mtoto ana bangili mkononi, mimi naweka hela kwa simu, yeye anaigusisha kwenye kifaa, anapewa sahani yake ya wali na maharage au ndengu za moto. Hakuna mtoto anayejulikana kwamba huyu kalipiwa na huyu hajalipiwa, wote wananyoosha mkono wenye bangili. Chakula kinapikwa kwenye majiko makubwa ya pamoja kisha kinapelekwa shuleni, na gharama iliyobaki haitoki kwa mzazi. Mimi kwa shilingi 5 hapa nyumbani sipati hata nusu ya andazi. Ndiyo maana nasema kupika pamoja na kununua pamoja sio mambo ya umaskini. Mlioko kwenye kamati za shule huko nyumbani, ambako watoto wanarudi saa nane na njaa, lichukueni hili mkalizungumze kwenye kikao.

Bima ya afya nayo ni hivyohivyo. Tangu Oktoba 2024 ule mfuko wa zamani wa taifa, NHIF, haupo, kuna mpya unaoitwa SHA. Kwa sisi tusio na mshahara wa mwezi kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, ila kwa kawaida inatakiwa ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600. Mwenye 50 mfukoni ataitoa wapi? Tuliitoa kwenye ile akiba yetu ya majirani, tukilipiana nyumba moja baada ya nyingine.

Sasa mnaniuliza watoto wanaelewa? Hapa nina msimamo mkali kidogo. Siwaambii watoto "hela hakuna." Mtoto akisikia hakuna, halafu jioni akakuona unalipa tokeni, anajua mama kasema uongo, na akishajua hivyo hata siku haipo kweli atakusumbua. Nawaambia, "Hela ya soseji haipo, hela iliyopo ni ya maji." Ni maneno mengine kabisa. Kijana wangu mkubwa, yupo junior school, yaani kati ya darasa la saba na la tisa, ndiye anaandika daftari la matumizi. Kila jioni baba akirudi anakaa naye mezani: kimeingia nini, kimetoka nini. Mwanzoni mume wangu hakupenda, alisema kumwonyesha mtoto siku ya sifuri ni kumvunja moyo. Tukaongea, akakubali tujaribu. Wiki ambayo kazi ilikosekana siku tatu mfululizo, kijana alisoma daftari, akanyamaza, kisha akasema ile safari ya shule ya kwenda Naivasha tuiache mpaka muhula ujao. Hakuna aliyemwambia. Nilikwenda bafuni nikalia, sikutaka anione. Na baba yake mwenyewe ndiye aliyesema mtoto huyu ataenda Naivasha, hata kwa kuuza redio. Na ataenda, hela inawekwa pembeni, ipo kwenye daftari kwa jina lake.

Naomba pia niseme jambo kwa upendo kuhusu michango. Harusi, kipaimara, maulidi, msiba, sisi ni ndugu na tutachanga. Msituwekee kiwango kwa sababu tuko Nairobi. Msiba tutatuma siku hiyohiyo, hata kwa kukopa. Harusi tuambieni miezi mitatu mapema, tutaweka kidogokidogo na itafika kamili. Mkituambia wiki mbili kabla, mjue hela hiyo inatoka kwenye kodi, na kodi hapa ikipita tarehe 5 mwenye nyumba hana mazungumzo marefu.

Haya. Kwa walioniuliza waanze vipi huko mtaani kwao: anzeni watu wachache, mnaoishi karibu kiasi cha kusikiana mkigombeza watoto, na msianze na gunia. Anzeni na kitu kimoja ambacho nyumba zote zinatumia kila siku. Sisi tulianza na sabuni ya mche, tukaikata wenyewe kwa uzi. Hela ishikwe na mmoja, daftari lishikwe na mwingine, na watu hao wawili wasiwe marafiki wa damudamu.

Hivi sasa tuna mjadala mkubwa koridoni. Sikukuu inakuja na tunataka gunia la mchele kwa mara ya kwanza. Wenzangu wote wanasema pishori wa Mwea, mimi peke yangu nashikilia mchele wa Kyela. Jumamosi tunakwenda Nyamakima kuulizia bei, nitawabeba kwenye kamera. Mwenye hoja nzito ya kumtetea Kyela anitumie kabla ya Ijumaa usiku, maana wale ni wanne na mimi ni mmoja.