Triathloni ya kwanza ukiwa mtu mzima: anza na maji

SELE: Karibuni tena jamani, leo tunaongea na wale wa miaka 40 na kuendelea wanaotaka triathloni ya kwanza, yaani kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, maana Dar sa hivi klabu za jogging zimejaa kila mtaa, Jumamosi alfajiri watu wako barabarani na sare zao wanaimba, af wengi wanauliza, mi kukimbia nimeshazoea, nini kinafuata? Mama Tatu, shikamoo.

MAMA TATU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza tutoe hofu. Mtu akisikia triathloni anawaza Ironman, ile ya kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180 halafu marathoni nzima juu yake. Hapana, ipo fupi inaitwa sprinti, mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli, 5 za kukimbia. Ile iliyoingia Olimpiki Sydney mwaka 2000 ni mara mbili ya hiyo. Mtu wa jogging akijipanga sprinti anaimaliza vizuri tu.

SELE: Na swali linalokuja sana ni ninunue baiskeli gani.

MAMA TATU: Baiskeli tutafika. Swali la kwanza ni maji, na hili naomba watu wanisikie kabisa, maana inaniuma, tuna Coco, tuna Kunduchi, tuna Kigamboni yote ile, lakini watu wazima wengi tunaishia maji ya kiunoni. Mtu anatumia miezi anakimbia tu kwa sababu ndo anachokiweza, maji anayaacha mpaka mwisho. Ageuze. Mwezi wa kwanza wa mazoezi nguvu ipeleke majini.

SELE: Na mtu mzima anayeogopa kabisa kuzamisha uso aanzie wapi?

MAMA TATU: Kwenye pumzi. Unajua watu wengi wakiingiza uso majini wanabana pumzi, sasa ile hewa chafu inajaa mwilini na ndo inayoleta ile papara ya kutaka kuchomoka, anadhani hana oksijeni kumbe hajatoa pumzi. Kwa hiyo uso ukiwa ndani unapuliza, mapovu yatoke taratibu, ukigeuza kichwa unavuta tu. Fanya hivo umesimama kwenye bwawa, maji ya kifuani, na mwalimu pembeni, mpaka moyo utulie. Mikono na miguu baadaye. Na sheria haikulazimishi fristaili, ule mtindo wa kupokezana mikono, ogelea chura ukitaka, geuka chali upumzike, hata kushika boya kupumzika inaruhusiwa ilimradi usilitumie kujivuta mbele.

SELE: Hiyo ya boya wengi hawaijui kabisa!

MAMA TATU: Ndo hivo. Ukishaweza bwawani ndo uende baharini, tena chumvi inakubeba kuliko bwawa. Lakini bahari ya hapa lazima ujue kupwa na kujaa. Pale Coco maji yakitoka unabaki na miamba, huogelei, unachubuka. Na maji kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi, sasa piga hesabu ya siku saba, ni karibu masaa sita, ina maana Jumamosi hii saa moja asubuhi maji yamejaa, Jumamosi ijayo saa ile ile yamekupwa.

SELE: Aah! Kumbe ndo maana watu wanapanga bahari kila Jumamosi wanashindwa.

MAMA TATU: Ee, kwa hiyo unapishanisha, wiki moja bahari, wiki inayofuata bwawa au baiskeli. Na mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, ni bamvua, yaani maji yanajaa na kupwa kuliko kawaida, mkondo unakuwa na nguvu sana, mtu mpya asiingie. Waulize wavuvi, watakwambia. Na usiingie peke yako, hata kama unajua.

SELE: Tuje kwenye mwili sasa. Mtu wa 48 anatofautiana nini na kijana wa 25?

MAMA TATU: Kupona. Mapafu na moyo vinazoea haraka, lakini kano, ile ya nyuma ya kisigino hasa, zinazoea polepole, na misuli kuanzia thelathini na kitu inapungua usipoitumia. Kwa hiyo siku ya kupumzika ni sehemu ya mazoezi, iandike kwenye ratiba. Af mara mbili kwa wiki fanya mazoezi ya nguvu, kuchuchumaa na kuinuka, kubeba vitu vizito kidogo kidogo. Kina mama wenzangu mnaokaribia kukoma hedhi au mmeshakoma, hii msiiruke, mifupa yetu inahitaji uzito. Na kabla ya yote pima presha, sukari, moyo, hasa kama kwenu kuna historia.

SELE: Na spidi?

MAMA TATU: Sehemu kubwa ya mazoezi iwe spidi ya kuongea. Unakimbia Obama Drive unavuka daraja la Tanzanite unapiga stori na mwenzio, ukishindwa kumaliza sentensi punguza. Watu wa hapa tunakimbia kwa kasi kila siku, halafu tunashangaa magoti. Na joto, Januari mpaka Machi Dar hewa ina unyevu, jasho halikauki kwenye ngozi, mwili haupoi, kwa hiyo toka saa kumi na moja alfajiri na ukubali kwenda taratibu.

SELE: Madafu yanatosha?

MAMA TATU: Dafu ni zuri lakini lina potasiamu nyingi, sodiamu kidogo, na jasho linatoa sodiamu zaidi. Ukitoka masaa mawili weka ORS kwenye chupa. Maji matupu kwa wingi nayo si salama.

SELE: Na kuna yule sista mtawa wa Marekani, nilimsoma nikakaa kimya kabisa.

MAMA TATU: Sista Madonna Buder! Triathloni ya kwanza alifanya ana miaka 52, mwaka 2012 akamaliza Ironman ya Kanada ana 82. Miaka thelathini mbele yake. Kwa hiyo mtu wa 45 akiniambia amechelewa namkatalia.

SELE: Haya, baiskeli sasa.

MAMA TATU: Yoyote inayokutosha urefu, breki zinashika, gia zinaingia. Mtumba mzuri kabisa unafaa. Pesa iliyobaki nunua helmeti, na jifunze kubadilisha tyubu mwenyewe. Barabara kubwa na daladala na bodaboda mtu mpya asizikimbilie, tafuta kundi, muwe pamoja, taa nyuma. Af mara moja kwa wiki ukishuka kwenye baiskeli ukimbie hapo hapo dakika kumi, maana miguu inakuwa kama ya kuazima, lazima uizoee kabla ya siku yenyewe.

SELE: Muda wote huo ni kama wiki ngapi?

MAMA TATU: Kama unaogelea tayari, wiki 12 mpaka 16. Kama huogelei, usihesabu bado, maliza maji kwanza ndo uanze kuhesabu. Na siku ya mashindano kumbuka saa haisimami ukiwa unavaa raba, na helmeti uifunge kabla hujaitoa baiskeli kwenye sehemu yake, ukiitoa kwanza unapewa adhabu.

SELE: Walioko tayari kuanza maji tuandikieni mko upande gani wa mji, tuwaunganishe mjifunze pamoja.