Gunia la Kilo Ngapi? Kupima ukubwa wa int kwenye Arduino Uno, ESP32 na laptopu

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni sana. Hapa mezani nina bodi mbili, yaani kompyuta ndogo za kuendeshea vifaa. Kushoto ni Arduino Uno R3, kulia ni ESP32, na katikati laptopu yangu. Programu niliyopakia ni ileile moja, sijabadilisha hata herufi. Kwenye ESP32 inageuza mayai kila baada ya saa moja. Kwenye Uno inageuza mara moja tu, halafu kimya.

Kimya hicho kiliharibu trei mbili za mayai ya kienyeji ya mama jirani, aliyeniletea kwenye mashine yangu ya kutotolesha. ESP32 ya mwanzo iliungua, nikachomeka Uno niliyokuwa nayo ndani, nikapakia programu ya zamani, nikaona mota imezunguka, nikaridhika. Joto lilikuwa sawa, unyevu sawa, taa inawaka. Lakini yai lisipogeuzwa, kiinitete hugandamana na utando wa ndani ya ganda na kufa. Mayai nilimlipa, ila zile wiki tatu alizosubiri hakuna wa kumrudishia. Kama unatengeneza kifaa ambacho mtu mwingine atakitegemea, tafadhali kaa nami mpaka mwisho.

Hatua ya kwanza: iulize bodi yenyewe. Usikisie. Fungua programu mpya, ndani ya setup andika hivi:

Serial.begin(9600);
Serial.println(sizeof(char));
Serial.println(sizeof(int));
Serial.println(sizeof(long));
Serial.println(sizeof(double));
Serial.println(sizeof(void*));

Pakia, fungua Serial Monitor, chagua kasi ya 9600. sizeof inauliza kila aina ya data inachukua nafasi kiasi gani: char ni herufi, int na long ni namba kamili, double ni desimali, void* ni anwani ya kumbukumbu. Hizo namba ni baiti, na hapa kila baiti ni biti 8. Uno inajibu: 1, 2, 4, 4, 2. Sasa nahamisha waya kwenda ESP32. Inajibu: 1, 4, 4, 8, 4. Tazama mstari wa pili. int ya Uno ni baiti 2, ya ESP32 ni baiti 4. Na double, ambayo wengi tunaitegemea kwa desimali nyingi, kwenye Uno ni baiti 4, sawa kabisa na float, aina ndogo ya desimali.

Kwenye laptopu hii ya Linux ya biti 64, swali hilohilo nimeliuliza kwa C ya kawaida. Majibu ni 1, 4, 8, 8, 8. Ukiwa na Windows ya biti 64, long itakuja 4, si 8, ingawa prosesa inaweza kuwa ileile. Kwa hiyo si suala la prosesa peke yake. Linux walipoingia biti 64 waliipanua long; Microsoft waliiacha ilivyokuwa ili programu za zamani zisivurugike. Wote wawili wako ndani ya sheria, maana lugha ya C inaahidi kiwango cha chini tu: int isipungue biti 16, long isipungue 32, long long isipungue 64. Juu ya hapo kila kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi yako kuwa lugha ya mashine, ina uhuru wake.

Ukienda sokoni ukaambiwa bei ya gunia la viazi, huwezi kutoa hela kabla hujauliza: gunia la kilo ngapi? Ni la kawaida au lumbesa? Neno ni moja, mzigo si mmoja. int ni gunia. Jina lake halikwambii kilo.

Hatua ya pili: tuone mzigo unavyomwagika. Huu ndio mstari uliokuwa kwenye mashine yangu:

delay(60 * 60 * 1000);

Sekunde 60, mara dakika 60, mara milisekunde 1000. Jibu sahihi ni 3,600,000, yaani saa moja. Lakini namba kamili ndogo ukiiandika tupu, kompaila inaihesabu kama int. Kwenye Uno int inaishia 32,767. 60 mara 60 ni 3,600, imeenea. Mara 1000, imefurika. Naichapisha muone wenyewe: Serial.println(60 * 60 * 1000). Uno inaandika -4480.

Haijaishia hapo. delay inapokea namba isiyo na hasi ya biti 32, kwa hiyo hiyo -4480 inageuka kuwa 4,294,962,816. Milisekunde hizo ni siku 49 na saa 17. Yai la kuku linatotoa kwa siku 21. Mashine yangu haikuwa imekufa, ilikuwa inasubiri kwa utii kabisa.

Hatua ya tatu ni tiba, na hapa naomba utulie, kwa sababu watu wengi wanaponya nusu. Tumia majina yanayotaja kilo zake: int8_t, int16_t, int32_t, na uint32_t kwa isiyo na hasi. Yaliingia kwenye kiwango cha C cha mwaka 1999. Kwenye Arduino yapo tayari. Kwenye C ya laptopu anza na #include <stdint.h>. Namba ndani ya jina ni biti, na haibadiliki kokote unakoipeleka.

Sasa angalia mstari huu:

uint32_t muda = 60 * 60 * 1000;

Unaonekana mzima, sivyo? Napakia, nachapisha muda. Inatoka 4294962816 ileile! Sababu ni kwamba upande wa kulia unahesabiwa kwanza, kwa int, unafurika, ndipo jibu bovu linamiminwa kwenye chombo kikubwa. Ukimwaga mahindi njiani, gunia kubwa linalokusubiri nyumbani halitayaokota. Kwa hiyo panua hesabu tangu mwanzo:

uint32_t muda = 60UL * 60 * 1000;

U ni kusema haina hasi, L ni long. Kuiweka kwenye namba ya kwanza kunatosha hapa, kwa kuwa zinazofuata zinavutwa kwenye ukubwa huo. Napakia tena. 3600000. Hiyo ndiyo saa moja.

Kama unatumia millis(), inayohesabu milisekunde tangu bodi iwake, sheria ni hiyohiyo: ihifadhi kwenye uint32_t. Ukiiweka kwenye int ya Uno, baada ya sekunde 32 na kidogo inaingia kwenye hasi.

Hatua ya nne ni fupi lakini nisingependa uiruke. Kwenye Arduino IDE nenda File, Preferences, tafuta Compiler warnings. Yangu ilikuwa None. Weka All. Nikirudisha mstari mbovu sasa, kompaila inanionyesha onyo lenye maneno integer overflow, na namba ya mstari. Kompaila ilikuwa inalijua kosa, mimi ndiye niliyekuwa nimeinyamazisha.

Na kama bodi mbili zinatumiana data, kwa redio au kwa waya, usitume struct nzima, yaani kifurushi cha vigeu kadhaa, kwa kudhani zinafanana. Struct yenye uint8_t moja na float moja ni baiti 5 kwenye Uno na 8 kwenye ESP32, kwa sababu ESP32 inaacha nafasi 3 tupu ili float ikae mahali pake. Linganisha sizeof pande zote mbili kabla ya kutuma, au tuma kigeu kimoja kimoja.

Sasa jaribio lenyewe. Nimerudisha Uno kwenye mashine, ndani nimeweka mayai sita ya kwangu mwenyewe. Saa ya ukutani ni saa nne na dakika tano asubuhi, mota imezunguka mara ya kwanza. Nakata video hapa, kamera naiacha palepale.

Haya. Saa tano na dakika tano. Sikiliza... hiyo, inageuza.